Vitu Alivyoviweka kwa Mkono Wake

"Hivi Mama Yasmina, na mashine nayo inakaa eda?"

Dative aliniuliza hivyo akiwa mlangoni, sufuria yangu aliyoazima mkononi, macho yake kwenye meza ya pembeni. Kompyuta ya mume wangu ilikuwa pale, imefunikwa kitambaa cheupe mpaka chini. Niliifunika mwenyewe siku ya tatu baada ya maziko.

"Inapumzika tu," nikamwambia.

"Miezi mine? Hata padri wetu hapumziki hivyo."

Nilicheka, kicheko cha kwanza tangu Mohamadi afariki, halafu nikaomba toba kimoyomoyo, maana eda si jambo la mchezo. Dative ni jirani yangu ukuta kwa ukuta hapa Nyakabiga. Ni Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, na mambo yetu ya Kiislamu huyauliza yote bila haya, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Mimi humjibu, na yeye hunijibu yangu. Lakini siku hiyo sikumweleza kwa nini niliifunika mashine. Niliogopa kuitazama, basi.

Ndani yake mlikuwa na kitabu. Alhamisi na Jumamosi wanawake huja kusoma dini sebuleni kwangu, kumi na sita wakitimia: wauza samaki wadogo wa ndagala, washonaji, bibi mmoja anayefulia watu nguo. Mimi mwenyewe niliishia darasa la sita. Nilichonacho nilikipata kwa bibi yangu na kwa mume. Vitabu vya dukani viliwashinda wale wanawake, herufi zake ndogo kama chawa wa kuku. Basi Mohamadi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwachapia watu barua na kadi za harusi, akaanza kuwaandikia cha kwao. Kiarabu upande wa kulia, Kiswahili cha hapa kwetu upande wa kushoto, na herufi kubwa za macho yasiyo na miwani. Alikuwa amefika ukurasa wa hamsini na nane presha ilipomchukua. Kwenye karatasi alikuwa ametoa somo la kwanza peke yake, na karatasi hizo tatu zimezunguka mikononi mpaka zimelainika kama kitambaa. Mengine yote yalikuwa humo ndani. Yakipotea, hakuna wa kuyaandika tena, aliyeyajua tumemzika.

Eda ilipokwisha nilioga, nikabadili nguo, nikaswali rakaa mbili, nikaondoa kile kitambaa. Mohamadi alinifundisha mambo matatu tu ya mashine: kuwasha, kufungua kitabu, kuzima. Nikawasha. Nikafungua kitabu.

Hakikuwa kitabu. Kiarabu hakikuwepo hata herufi moja. Palikuwa na vijiti vilivyolala ubavu, mabano, herufi za Kizungu zimebanana bila maana, mstari juu ya mstari. Nilitafuta Bismillahi, nikakuta neno "bismi" limebanwa katikati ya vijiti kama mtu aliyekamatwa. Nikazima, nikawasha. Yaleyale. Nikasoma Ayatul Kursi, nikawasha mara ya tatu. Vijiti vilevile.

Nilimwita Rachid, mdogo wa marehemu. Alifanya kazi na kaka yake miaka minne, kwa hiyo anaijua mashine kunizidi. Alisimama nyuma yangu, akainama kuvisoma vile vijiti.

"Imezeeka, shemeji," akasema mwishowe. "Dawa yake ni kuiformata."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kuifuta yote, kuiweka mupya, kama imetoka dukani."

"Na kitabu?"

"Kitabu si unakiona mwenyewe? Kimeshaharibika."

Nilimwambia asubiri. Nilisubiri siku nane nzima, kila asubuhi nikiifungua, labda herufi zimerudi. Sijui nilidhani zitarudi kutoka wapi. Jumatatu Rachid akaja na teksi, tukaipeleka kwa fundi mmoja wa Rohero, kijana nadhifu mwenye meza ya kioo na kiyoyozi. Fundi alichomeka flash, akachukua kitabu, akakifungua kwenye mashine yake mwenyewe. Vijiti na mabano.

"Mama, hiki si kitabu," akasema. "Ni fayili imeoza. Tunaformate, kesho unachukua mashine nzuri kabisa."

"Si nilikuambia?" Rachid akadakia, haraka kuliko kawaida yake.

Nilimtazama mikono. Alikuwa na chupa ya maji, anafungua kifuniko, anafunga, anafungua, na hanywi.

"Apana," nikamwambia fundi. "Narudi nayo."

"Mama, kitu kikishakufa munakizika."

"Mi nimeshazika, mwanangu. Najua kilichokufa kinavyokaa. Hiki bado sijui."

Nikaifunga kwenye kitenge, nikaipakata mapajani mpaka nyumbani. Rachid alikaa mbele na dereva, na njia nzima hakugeuka.

Dative aliposikia, akapiga makofi. "We Mama Yasmina, na Orlane wangu je?" Orlane ni mtoto wa dada yake, anakaa Mutanga Sud, anafundisha mambo ya kompyuta kwenye lise moja, shule ya sekondari. "Jumapili akitoka misa namuleta hapa, na gauni lake lilelile."

Akaja kweli na gauni la kanisani, la maua, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Dative akaja naye na ungo wa maharage ya kuchagua, asionekane kama amekuja kusikiliza.

Orlane alifungua kitabu, akasoma vile vijiti, akatabasamu.

"Mama, hiki hakijaoza. Kizima kabisa."

"Kizima? Kiarabu kiko wapi?"

Akafikiri kidogo. "Nikikuandikia kwenye karatasi: unga, maji, chumvi, koroga, chemsha. Utashiba?"

"Nitashiba karatasi?"

"Basi ndiyo hivyo. Mzee hakuandika kitabu kikiwa kimeiva. Aliandika namna ya kukipika. Hapa panasema weka herufi hii, hapa panasema kubwa, hapa panasema kulia. Kulikuwa na programu humu ndani, ndizo wapishi. Kila akifungua zinampikia ukurasa palepale, anausoma, akizima unatupwa. Sasa wapishi hawamo."

"Na kule Rohero?"

"Kule hawajawahi kuwamo. Ndiyo maana fundi aliona uchafu."

Nilielewa, kisha nikagundua sikuelewa. "Wapishi wamekwenda wapi? Mashine ilikaa chini ya kitambaa. Hakuna aliyeigusa."

"Tuiulize," akasema.

Akafungua kioo cheusi chenye maandishi meupe. Akanieleza kwamba mashine za namna hii zina daftari lao la ndani: kila programu inayoingia inaandikwa, kila inayotoka inaandikwa, na tarehe yake, na saa yake. Mtu akifuta mashine yote, daftari nalo linakwenda. Alilisoma kutoka juu kwenda chini, kidole chake kikiteremka polepole, halafu kikasimama.

"Hapa. Vitu thelathini na kimoja, vimetolewa mara moja. Tarehe ishirini, mwezi wa saba, saa kumi na dakika kumi na mbili za alasiri."

"Nani alivitoa?"

Akausoma mstari tena. "Imeandikwa Mohamadi."

Dative akaacha maharage. Mimi nilihesabu kwa vidole, nikahesabu tena, ingawa tarehe hiyo naijua kama jina langu. Tarehe ishirini ya mwezi wa saba ilikuwa arobaini yake. Mume wangu alikuwa kaburini siku arobaini.

"Yezu na Mariya," Dative akasema, akapiga ishara ya msalaba, ungo ukamwagika.

"Innalillahi," nikasema. Nilijiuliza kama nimewahi kumkosea akiwa hai, kama kitabu hakikumridhisha, kama amerudi kukichukua. Najua maiti hana mkono wa kurudi nao. Bibi yangu alinifundisha hivyo, na mimi nawafundisha wenzangu hivyohivyo. Hata hivyo nilikaa pale nikitazama jina lake kwenye kile kioo cheusi, na akili ikakataa kutulia.

Orlane alituona sura zetu, akaanza kucheka, akajizuia, akamgeukia mama yake mdogo kisha mimi. "Apana, apana, tantine, mama. Mashine haina macho. Mutu yeyote akiingia kwa neno la siri la mzee, yenyewe inaandika mzee. Nani analijua hilo neno?"

Tulilijua watu wawili. Mimi, na Rachid.

Hapo siku ya arobaini ikanirudia yote. Nilikuwa ndani ya eda, na Rachid si mtu wa kukaa naye uso kwa uso, kwa hiyo tulizungumza pazia likiwa katikati: yeye sebuleni, mimi chumbani na wanawake waliokuja kusoma hitima. Kwetu siku hiyo ndiyo ya kugawa vitu vya marehemu. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya kabati wazi, kanzu zake zinanitazama, na nikachoka. Nikamwambia kupitia pazia, "Rachid, kila alichokiweka Mohamadi kwa mkono wake, kitoe. Usiniulize kimoja kimoja." Akauliza, akiniita kwa jina langu, "Kila kitu, da Mwanne?" Nikasema kila kitu. Baada ya swala ya adhuhuri akauliza tena, na mimi nikamjibu kwa ukali, "Hukusikia?" Nakumbuka pia kwamba jioni ile nilipopita sebuleni niliona pembe ya kitambaa cheupe imening'inia. Mimi nilikuwa nimeichomeka nyuma ya meza, upande wa ukutani. Nikasema moyoni ni watoto wa watu waliokuja kula.

Sikuwaeleza Dative na Orlane yote hayo. Nilisema tu, "Soma yanayofuata."

"Dakika kumi na tisa baadaye, vingine kumi na viwili. Hivi vilikuwa watumishi wa vile vya kwanza. Mabwana walipoondoka, mashine ikauliza: hawa hawana kazi tena, niwatoe? Mutu akajibu ndiyo." Kidole kikateremka zaidi. "Halafu iko hii, ya juzijuzi. Ijumaa, tarehe saba ya mwezi huu. Hii si kutoa, ni kurudisha. Kimerudishwa kimoja tu, kisha basi."

"Kimoja?"

"Kimoja. Kama mutu alijaribu, akashindwa kukumbuka vingine."

Ijumaa ile nilikwenda Buyenzi kwa dada yangu, safari yangu ya kwanza tangu eda iishe. Rachid ndiye aliyebaki kulinda nyumba. Sikuweza kuyaunganisha. Kama alitoa, kwa nini arudishe? Kama alijaribu kurudisha, mbona siku tatu baadaye alikuwa Rohero akitaka vifutwe vyote? Kila nikishika upande mmoja wa jambo, upande wa pili unaponyoka.

"Sasa mama, tufanye nini?" Orlane akauliza. "Nirudishe?"

"Bila kuifuta?"

"Nyumba ikipotelewa milango, munabomoa nyumba? Daftari limenipa majina yote. Narudisha hayohayo, kwa majina yao. Kitu kingine sigusi."

Simu yake aliiweka kwenye ukingo wa dirisha, ndipo mtandao unaposhika, akaiunganisha na mashine. Akaandika majina. Mashine ikawa inayavuta, maandishi meupe yanapanda kama siafu. Umeme ukakatika mara moja. Betri ya mashine ikashikilia, Dative akasema Bikira Maria ameshikilia, mimi nikasema alhamdulillahi, Orlane akasema ni betri. Majina mawili yakagoma. Kule yanakovutwa yalikuwa yameondolewa, yamewekwa mapya yasiyopatana na mashine kongwe. Nikaanza kuogopa upya. Lakini Orlane akaenda kutafuta kwenye ghala la mashine yenyewe, mahali inapoweka vifurushi ilivyowahi kupokea, akavikuta viwili vile vimekaa tangu Mohamadi avilete, miaka mitatu iliyopita. Hakuna aliyekumbuka kulisafisha ghala.

Akakifungua kitabu.

Kiarabu kikatokea, na mimi nikapiga kelele, halafu nikanyamaza. Herufi zilikuwa zimetengana, kila moja imesimama peke yake, kama watu waliogombana msibani. Kiarabu hakiandikwi hivyo. Bismillahi ilikuwa vipande.

"Hiyo ni kazi ya wale watumishi kumi na wawili," Orlane akasema. "Bado hatujawaita."

Akawaita. Safari hii sikutazama kioo, nilitazama uso wake. Nilipouona umelegea ndipo nikageuka.

Zilikuwa zimeshikana. Kulia Kiarabu, kushoto Kiswahili chetu, kubwa, nyeusi, kama alivyoziacha. Nikaomba aende mpaka mwisho. Ukurasa wa hamsini na nane ulikuwa na dua ya kuingia msikitini, na chini yake nusu ya sentensi: "Wanawake wakifika mlangoni, waanze na mguu wa". Hakuweka "kulia". Aliitwa kula, nadhani, au aliumwa kichwa. Nilisoma ile nusu mara nyingi. Kisha nikamwambia Orlane kitabu kilichoiva akiweke kwenye flash, na mapishi nayo, na majina ya wapishi ayaandike kwenye karatasi kwa kalamu. Akafanya yote matatu.

Rachid aliingia tunakunywa chai. Jumapili huja daima, na siku hiyo alileta mkungu mdogo wa ndizi. Alipiga hodi, akavua viatu, akaona kioo kabla hajatuona sisi.

"Kimerudi?" akauliza. Sauti yake sikuitambua.

"Kimerudi. Kaa."

Akakaa kwenye ukingo wa kiti, mkungu mapajani. Orlane akajifanya kukunja waya. Dative hakujifanya chochote. Alikaa na ungo wake akitutazama waziwazi, na nilifurahi yupo, nisiwe peke yangu na shemeji.

"Rachid, siku ya arobaini nilikuambia utoe kila alichokiweka Mohamadi kwa mkono wake."

"Ulisema, da Mwanne. Nilikuuliza mara mbili."

"Mara mbili, kweli. Mi nilikuwa nasema nguo."

"Nguo nilimaliza asubuhi. Viatu, redio, kitanda cha dukani kwake, vyote. Nikakaa hapa, nikaona mashine." Alizungumza na ndizi. "Kuna mahali inaonyesha vilivyokuja nayo, na vile mwenyewe alivyoviweka. Nikasema hivi navyo ni vyake, na neno la da Mwanne limetoka. Nikavitoa. Hata sikujua vinafanya nini."

"Miaka mine na kaka yako, hukujua?" Dative akasema.

"Mi nilikuwa nakata kadi, mama. Kukata na kukunja."

Nilimwamini. Ukimtazama Rachid unamwona akifanya hivyo: ukimtuma maji ya kujaza pipa, atajaza mpaka yamwagike, kwa sababu hukumwambia aache. Na mimi ndiye niliyesema kila kitu, tena kwa ukali, nyuma ya pazia, nisimwone anatazama nini.

"Basi kosa la kwanza ni langu," nikamwambia. "Nisamehe."

Alishusha pumzi, mabega yakashuka.

"Haya, yameisha," Dative akasema. "Mumwagie mutoto wa watu chai."

Nilimmiminia. Ningeweza kunyamaza hapo, na labda wenye hekima kunizidi wangenyamaza. Lakini kulikuwa na kitu bado kinanizunguka kichwani tangu mchana, na nisingelala nacho. Nikamwomba Orlane arudishe kile kioo cheusi. Nikaweka kidole kwenye mstari wa tatu.

"Ijumaa nilipokwenda Buyenzi, ulirudisha kimoja. Ina maana ulishajua ni nini kimeharibu kitabu. Jumatatu ukanipeleka Rohero wafute kila kitu, mpaka na daftari hili. Ungeniambia tu, Rachid. Mbona hukuniambia?"

Aliinama mbele akausoma ule mstari. Aliusoma kwa muda mrefu, midomo inacheza kama wanafunzi wangu wanavyosoma. Chai yake ilikuwa haijaguswa.

"Hapa pameandikwa Mohamadi," akasema taratibu.

"Najua palivyoandikwa. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Dative aliacha kuchagua maharage. Nje mtu alipita anauza mkate, anaita, akaenda zake.

Rachid alisimama. Akauweka mkungu mezani, pembeni ya mashine, akauegemeza vizuri usianguke. Akaenda mlangoni, akatafuta viatu vyake kwa miguu bila kutazama chini, kimoja kikaingia, cha pili akakivaa kwa kukikanyaga kisigino. Nikadhani anageuka, alikuwa anavuta pazia la mlango lililomnasa begani. Akalitoa, akalinyoosha likakaa sawa, akatoka, na aibu yake ndiyo ikanijibu.